Mjomba Niliyemzika Ziwa Kimya

Jumamosi, 6 Oktoba 2012. Palma.

Jamaldine kapita tena na ile kofia ngumu ya rangi ya chungwa. Anaivaa mpaka msikitini. Mlangoni anaivua na kuiweka juu ya viatu vyake ili kila anayeingia aione. Tangu habari za gesi zienee na wageni waanze kujaa mjini, yeye ni mbeba vigingi wa wapimaji. Mimi bado naziba pancha za baiskeli. Tulisoma darasa moja. Hesabu alinakili kwangu, na zangu zenyewe zilikuwa za kukosa.

Leo kajisifu kwamba vigingi vimefika kwenye maziwa ya bara, nyuma ya Olumbi, itakakopita barabara mpya. Keshapanda miche ya mikorosho kandokando, maana empreza, kampuni ya gesi, italipa fidia kwa kila mti. Kisha ulimi ukamteleza: makaburi yanalipwa zaidi ya miti.

Nimefikiri mchana kutwa. Mkorosho unataka maji. Unataka kupaliliwa. Mbuzi anaula. Kaburi halitaki chochote.

Sina mzee aliyezikwa huko. Hilo ni jambo dogo.

Bahati nyingine: Khamis, kaka wa mke wangu, huenda kuvua kwenye maziwa hayo kila mwaka kabla ya mvua. Kila mwaka hunialika, kila mwaka nashikwa na homa. Leo nimemwambia natamani sana twende wote. Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana. Akakubali.

Samiha kauliza jembe la nini kwenye safari ya ndoana. Nikasema la kuchimbia minyoo. Akauliza kama nakwenda kumvua nyangumi. Mke wangu hana imani na watu.

Jumatatu, 8 Oktoba. Ziwa la Matete.

Tumefika kwa baiskeli. Makalio yangu yamekufa.

Khamis kanieleza kwamba maziwa haya yamefuatana kama shanga, na masika vijito huyaunganisha. Sasa vijito vimekauka, kila ziwa limebaki peke yake na tabia yake. Hili la kwanza lina matete marefu, ndege wengi, kelele tupu. Khamis kavua perege wanono. Mimi nimevua suruali. Ilikuwa yangu.

Vigingi bado sijaviona.

Jumanne, 9 Oktoba. Ziwa la Chai.

Maji yake ni ya kahawia, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Khamis kamchimbua kamongo kwenye tope la ukingoni. Samaki huyu anavuta pumzi kama mtu. Tulipomtia kapuni akaguna. Nilimwomba Khamis amrudishe. Nilisema ni huruma. Haikuwa huruma. Mguno ule ulifanana na wa baba yangu akiamshwa alfajiri.

Mchana tumevuka kichaka na kufika ziwa la tatu, wanaloliita Ziwa Kimya. Maji ni meupe, chini unaona kila jiwe. Ndege hakuna. Chura hakuna. Hata mbu hakuna. Mtu angefurahi, lakini mimi nilijikuta naomba aje hata mmoja.

Na samaki! Wamejaa, perege wakubwa, wote wamesimama majini wakielekea ukingo mmoja. Khamis kasema samaki huelekea maji yanakotoka. Nikamkumbusha ziwa hili halina maji yanayoingia wala kutoka. Akafunga ndoana.

Na vigingi nimeviona. Vina vitambaa vyekundu, vimenyooka kupita ukingo uleule wanaoutazama samaki. Moyo umeruka kwa furaha.

Jumatano, 10 Oktoba. Ziwa Kimya.

Kazi imekamilika. Nasema bila majivuno: ni kaburi zuri kuliko mengi ya kweli.

Khamis alipokuwa ng'ambo na mshipi wake, nilichagua mahali kati ya vigingi viwili. Sikuchimba shimo. La nini? Nilikwangua udongo wa juu, nikafanya tuta, nikalielekeza sawasawa, jiwe kichwani, jiwe miguuni. Udongo ulikuwa laini kama unga, jembe linazama lenyewe. Bahati tena.

Kisha nikampa marehemu maisha, maana maofisa watauliza. Mjomba Tuaibo, ndugu wa mama. Mvuvi. Nikaona mvuvi tu hatoshi, nikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nikampa tabia ya kupiga mluzi akishona nyavu. Nikamuua kwa homa, taratibu. Nilirudia hadithi kwa sauti mpaka ikaniingia, na mwishoni macho yalinilenga machozi. Maskini mjomba.

Nilipotazama majini, samaki walikuwa wamesogea karibu zaidi.

Khamis kauliza mbona nimejaa udongo. Minyoo, nikasema. Kauliza iko wapi. Nikasema imekimbia.

Alhamisi, 11 Oktoba. Ziwa Kimya.

Sikupenda kuandika ya leo. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi nilikwenda kumkagua mjomba. Tuta limefagiwa. Limenyunyiziwa maji. Kigae cha ubani kinafuka kichwani. Kando yake ameketi bibi mmoja mwembamba, ana mzigo wa ukindu wa kusukia mikeka. Kajitambulisha: Atija, wa kijiji cha nyuma ya kilima. Kauliza kaburi ni la nani.

Nikasema la mjomba wangu, Tuaibo. Nilijibu haraka, kama mwanafunzi aliyesoma.

Akauacha ukindu. Akasema mumewe aliitwa Tuaibo. Wakati wa vita alikuja kuvua kwenye maziwa haya, hakurudi. Tangu hapo kila kiangazi, maji yakipungua, yeye hutembea ukingoni akitazama chini.

Majina yanafanana, nikamwambia. Tuaibo wako wengi.

"Mkono wake wa kushoto ulikuwaje?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ulikuwa mzima. Kwa nini sikusema? Nilikuwa nimekariri vizuri mno. Mdomo ukatangulia.

"Ulipungua vidole viwili, bibi."

Akainamisha kichwa. Hakulia kwa sauti. Akauliza kama aliteseka, nikasema homa ilimchukua polepole. Akauliza kama mwishoni bado alikuwa na ule mluzi wake, akishika nyavu.

Mluzi sikuwa nimeutaja.

"Alikuwa nao," nikasema.

Kisha akaniambia jambo ambalo nalazimika kuliandika. Miaka yote hii hakukaa eda, maana hakuna aliyemthibitishia kifo. Wanaume walimposa. Hakuweza kukubali wala kukataa. Hakuwa mke wa mtu, hakuwa mjane wa mtu.

"Sasa nitakaa eda yangu," akasema. "Umemlaza vizuri, mwanangu. Umemwelekeza kibla. Mungu akulipe."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni: asante, karibu tena.

Karibu tena! Mimi ni mtu wa namna gani?

Ijumaa, 12 Oktoba. Ziwa Kimya.

Jamaldine huyo, na kofia yake. Kaja na wenzake kukagua vigingi, kaona kaburi, kanitazama mimi, kalitazama jembe langu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Akaniarifu kwa utamu kwamba shefe wa postu, mkuu wa serikali wa eneo hili, anakuja Jumapili pamoja na mpimaji mkuu. Kaburi lolote la madai litafunguliwa mbele ya watu. Likiwa tupu, mwenye madai analala selo, kizuizini. Akanipa pole ya msiba. Akaondoka anapiga makofi mapajani.

Ikabidi nimwambie Khamis yote. Nilitegemea atanifokea. Alikuwa anakwangua magamba ya samaki, hakuacha. Nikaanza kujitetea, nikasema sikumdhuru mtu.

"Bibi yule umemfanya nini?" akauliza.

Nikaanza kuokota magamba, moja moja.

"Kesho tunalisawazisha, shemeji. Kisha unakwenda kwake unamwambia kwa kinywa chako. Mimi nitasimama mlangoni, usije ukakimbia."

Hili la mlangoni lilikuwa la kunivunjia heshima. Lilikuwa pia la busara. Nilikuwa nimeshaifikiria njia ya nyuma.

Jumamosi, 13 Oktoba. Ziwa Kimya.

Jua lilikuwa kali, hakuna kivuli, hakuna upepo. Nasema hivi ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba kulikuwa na giza.

Tulilikuta tuta limedidimia katikati. Khamis kasema makaburi hudidimia, udongo ukishuka. Nikasema yanadidimia yenye mtu ndani. Hili nililijenga juu ya ardhi tupu. Hakuna pa kushuka.

Tukaanza kulitawanya. Jembe langu likazama. Nililivuta, likazama tena. Chini ya tuta, mahali ambapo sikuchimba, naapa sikuchimba, palikuwa na udongo laini uliochanganyika, kama uliowahi kutolewa na kurudishwa. Khamis akaniambia niache. Mimi nikataka kujua. Nikapiga tena.

Likalia ubao.

Sauti ya ubao wenye nafasi chini yake. Kila aliyewahi kuzika anaijua. Ndivyo mwanandani hufunikwa. Mimi sikuweka ubao. Mimi sina hata ubao wa kukalia nyumbani.

Tulitazamana. Khamis akachukua udongo kwa mikono yake, akaanza kurudisha. Nami nikarudisha. Tulilijenga tuta upya, tukarudisha mawe. Khamis akaenda ziwani kutawadha. Akaniita nikatawadhe nami, tukamwombea.

Majini hapakuwa na samaki hata mmoja. Jana walijaa.

Nikamwuliza Khamis kama ile safari ya kwenda kwa bibi bado ipo. Akafikiri sana.

"Utamwambia nini?" akasema.

Jumapili, 14 Oktoba. Ziwa Kimya, kisha Olumbi.

Shefe kaja na gari, pamoja na mpimaji mkuu, mgeni mwenye shingo nyekundu kama kamba aliyepikwa. Jamaldine mbele, anang'aa. Alikuwa amebeba koleo mwenyewe.

Lakini Bi Atija alikwisha fika. Amevaa nguo nyeupe za eda, ameketi miguuni mwa kaburi, na nyuma yake karibu kijiji kizima, wanasoma Yasini kwa sauti ya chini. Shefe akavua kofia. Mgeni akavua. Hata Jamaldine akavua, koleo akalificha nyuma ya mgongo.

Shefe kamwuliza bibi kama anakubali marehemu wake ahamishwe, atalipwa. Akajibu kwamba amemtafuta ujana wake wote, na leo hana haja ya kumtafuta mahali pengine.

Shefe na mgeni wakazungumza kwa Kireno pembeni. Uamuzi: kaburi lisiguswe. Barabara itapinda.

Ambaye hakuguswa halipwi. Nimeuliza mara mbili. Halipwi.

Na barabara imepinda kuelekea wapi? Kwenye mikorosho ya Jamaldine. Ile miche ambayo ilikuwa kandokando sasa iko katikati kabisa, kila mmoja na fidia yake. Kanishika mkono kwa mikono miwili. Kanishukuru kwa dhati. Afadhali angenitukana.

Kabla hatujaondoka, Bi Atija kanipa mkeka alioususka mwenyewe. Kasema nimekuwa mtoto wake. Kisha akaniuliza polepole kama yule mwanamume aliyemwona jana toka kilimani alikuwa ndugu yetu pia.

Yupi, bibi? Khamis?

Si Khamis. Yule aliyesimama ng'ambo ya ziwa tukifukia, akatusubiri mpaka tukamaliza.

Nikasema ndiyo, ni ndugu. Khamis kaendesha baiskeli mpaka Olumbi bila kugeuka, na mimi nyuma yake, mara ya kwanza maishani kutomwomba tupumzike.

Jumatano, 17 Oktoba. Palma.

Siku mbili nimelala na homa. Ya kweli safari hii. Samiha kanipikia uji, kanisikiliza yote bila kunicheka, jambo lililonitisha kuliko ubao. Kanitaka niahidi kwamba nimeachana na makaburi. Nimeahidi. Nimeshika msahafu.

Alasiri Jamaldine kaja kunijulia hali, na kofia mpya. Kasema kwa kuwa barabara imepinda, vigingi sasa vinapita Ziwa la Matete.

Nikageukia ukuta.

Jumamosi, 20 Oktoba. Ziwa la Matete.

Kumwahidi mke kuhusu Ziwa Kimya hakuhusiani na Ziwa la Matete. Nimelitafakari kwa makini.

Nimekuja peke yangu. Khamis kakataa, kasema hatavua tena maziwa haya. Hasara yake. Makosa ya mwanzo nimeyaona yote. Kosa la kwanza: nilimpa mjomba jina. Huyu hana jina. Kosa la pili: vidole. Huyu ni mzima, mgeni wa mbali, hana mke, hana mluzi, hakuna wa kumlilia. Kosa la tatu: uvivu. Nililijenga juujuu. Safari hii nimechimba kaburi kamili, la kweli, shefe akilifungua alione.

Nilitegemea kazi ya kutwa. Udongo laini ajabu, umekubali kama siagi. Adhuhuri haijaingia nimemaliza. Cha kushangaza, ndege wote wa ziwa hili, wale wenye kelele, leo wamenyamaza. Wamepangana juu ya matete, wametulia, wananitazama. Vizuri. Mtu anafanya kazi kwa utulivu.

Lilibaki suala la vipimo. Sikuwa na kamba. Nikashuka, nikalala ubavu, nikapima kwa mwili wangu.

Limenitosha barabara. Mabega, miguu, kila kitu. Hata pale pa kuweka kichwa palikuwa pamekwisha bonyea, kwa umbo la shavu langu.

Bahati gani hii. Kesho naanza kutafuta mbao.