Kishikio Kilichoandikwa KATA ROHO

Ndugu Mhariri wa jarida la Jiundie Mwenyewe,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, maana mimi ni mzima kwa mwili tu. Mume wangu ni fundi cherehani mwenye wateja wake na heshima zake. Tangu umfundishe kuunda ndege, injini ilikaa sebuleni na mimi nikawa mgeni wa jikoni. Sasa iko uani, imefungwa kwenye ndege, mabawa kayashona mwenyewe. Nakushukuru sana kwa wema huo. Nisikilize kama ungemsikiliza dada yako.

1. Uliandika kwamba injini huvuta hewa kama mtu, basi iwekewe chujio. Hukusema la nani. Langu la chai liko kooni mwa injini, na wageni wangu wanatafuna majani kwa adabu.

2. Ukataka kilango cha kuingiza hewa ya moto, ili koo hilo lisigande barafu huko juu. Kilango ni mfuniko wa birika langu, na kinavutwa kwa waya wa breki ya baiskeli yake. Siku hizi mume wangu anapofika kazini husimamishwa na Mungu akisaidiwa na ukuta wa jirani.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Kishikio cha kufunga hewa yote, uliandika, "hukata roho ya injini". Wewe ulikuwa unapamba lugha. Mume wangu hapambi. Kaandika kwa rangi nyekundu: KATA ROHO. Nikamwambia, "Baba watoto, kazi hiyo ina Mwenyewe." Akanijibu, "Kwenye mchoro hayumo." Ndege ina viti viwili, Mhariri, na Jumamosi anataka turuke. Kishikio hicho kiko mbele ya goti langu, nalo lina baridi yabisi, hurusha teke bila taarifa.

4. Mama mkwe, niliyemtegemea, kasema mke mwema humfuata mumewe. Nikauliza, hata juu? Akasema huko ndiko waendako wema.

Kwa hiyo naomba utoe masahihisho: kwamba hewa ya huko juu imekwisha. Ikishindikana, andika kwamba ndege bora ni ile isiyotoka uani. Ataamini. Wewe anakuamini kuliko mahubiri, ambayo huyalalia.

Msalimie mkeo, watoto, na aliyechora ule mchoro. Huyo namwombea kila asubuhi, kwa sauti.

Wako katika subira,
Mke wa fundi cherehani

N.B. Masahihisho hayo usiyachapishe kwanza. Nimesikia kwamba nikiogopa, kiti changu atapewa wifi. Wifi yangu akae angani na chujio langu? Nimefuta maneno yale nikaandika SHUSHA PUMZI, na mto wa kiti nimeushona kwa kipimo changu, si chake. Wewe harakisha tu lile toleo la kufundisha kutua. Bado hatujalipata, na Jumamosi ni keshokutwa.