Mama Mkwe Alivyougua Sikukuu ya Mashahidi

Hakuna mtu mjini Arua aliyeijua kalenda ya Uganda kumshinda Enoch Lukudu, hata wale walioichapa. Wengine tukiitazama tunaona tarehe. Yeye aliona geti lenye mapengo. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, ile Ijumaa iliyobaki peke yake ilimkera kama jino bovu, na hakutulia mpaka ameomba ruhusa akaiziba. Sisi tuliofanya naye kazi katika duka la vifaa vya ujenzi la Hajati Mariam Poni tulimwita Fundi, kwa jinsi alivyozilehemu sikukuu na wikendi.

Jina hilo alilipenda mno. Asubuhi, tukiwa tunashusha mabati, yeye alisimama pembeni akituhubiria kwamba tunapumzika kama kuku, giza likiingia tu ndiyo tunakumbuka kulala, wakati mtu mwenye akili hupanga mapumziko yake mapema kama serikali inavyopanga bajeti. Tongun, dereva wetu, alimwuliza siku moja kama kuna siku yoyote anayopanga kufanya kazi. Fundi akasema hilo ni swali la watu wa mabati.

Sasa mwaka jana mwezi wa sita ulikuja na neema. Mashahidi, Idi na Mashujaa zote zilijipanga karibu karibu kama watoto wa mama mmoja. Fundi alipoziona karibu alie. Ukiziba siku chache tu za katikati, unapata mapumziko ambayo hata waziri hapati. Tatizo lilikuwa moja: likizo yake ya mwaka mzima alikuwa ameshaimaliza tangu Pasaka.

Hajati Mariam ni mkali kama msumari wa inchi sita, lakini ana sehemu moja laini: mgonjwa. Ukimtajia mgonjwa, anaweza kukupa hata kiti alichokalia. Fundi alilijua hilo. Akaingia ofisini ameinamisha kichwa, akamweleza kwamba mama wa mke wake, Mama Santina wa kule Adumi, malaria imempanda kichwani, na mgonjwa hamtaki mwingine karibu yake ila mkwe wake.

Hajati alishangaa kidogo, maana kwetu West Nile mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, na kwa hatua nyingi. Lakini machozi ya Fundi yalikuwa mazuri. Akampa ruhusa, akampa na pole.

Nyumbani, Fundi alimwambia mkewe Juliet hadithi nyingine: Hajati anamtuma Koboko kuangalia mahali pa kufungua duka la pili, kazi nzito, usiku na mchana. Juliet akasema basi, kama mume hayupo, yeye atakwenda Adumi kumsaidia mama yake kupalilia karanga. Fundi akambariki. Jumamosi akapanda gari kwenda Koboko, kwa rafiki yake Akram, mtu mwenye kivuli kizuri, ubao wa ludo na mbuzi aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya Idi.

Alikuwa amehesabu kila kitu, ila jambo moja tu lilimponyoka. Sikukuu aliyopewa yeye, na sisi tulipewa.

Jumanne ya Mashahidi duka lilifungwa. Tongun alipotoka kusali alinipigia simu kwamba Hajati anatuita. Tukamkuta amesimama kando ya pikapu na gunia dogo la sukari, sabuni za miche, majani ya chai na kuku wawili waliofungwa miguu. Akasema haiwezekani mfanyakazi wake auguze mtu peke yake, na leo hatuna udhuru, hakuna kazi.

Tukashika njia ya Adumi. Njiani Hajati alituambia tusicheke cheke mbele ya mgonjwa, na Tongun apunguze mwendo tukikaribia, asije akamshtua.

Kwa Mama Santina tulielekezwa na watu wa sokoni. Tulipofika uani hapakuwa na mtu. Nyuma ya nyumba tukasikia mtu anaimba. Tukazunguka, na hapo tukamwona mama mmoja mpana, amefunga leso kiunoni, anapiga jembe kwenye karanga kana kwamba ardhi imemtukana. Hajati akamwamkia kwa adabu, akaomba aonyeshwe mgonjwa amelazwa wapi.

"Mugonjwa gani?" akauliza yule mama.

"Mama Santina."

Mama akasimamisha jembe, akajitazama mikono, halafu miguu, kama anayehakikisha.

"Santina ni mimi," akasema. "Na mimi iko mugonjwa tangu lini?"

Kabla Hajati hajapata jibu, Juliet akatokea na mtungi wa maji. Alipomwona tajiri wa mumewe alipiga magoti, akamshukuru sana kwa kumwamini Enoch na kazi kubwa ya kule Koboko, akamwomba tu asimchoshe, maana mwanaume huyo akichoka hupata homa.

Tongun akageuka akatazama kilima. Mimi nikawatazama kuku. Hajati akakaa juu ya kinu kilicholala pale, akafungua simu, akaweka sauti ya wote tusikie, akampigia Fundi.

"Enoch, mugonjwa iko namna gani?"

"Hajati, hali mbaya," ikaja sauti nyembamba, ya mtu aliyeonja mauti kwa niaba ya mwingine. "Tangu jana hakuna kusema hata neno. Sasa hivi mimi nashika kichwa yake."

Mama Santina aliposikia kwamba mkwe ameshika kichwa chake alijitandika kofi pajani. Wakati huohuo, nyuma ya Fundi, sauti ya Akram ikalia kwa nguvu: "Nimekula mbili! Rudi nyumba!"

"Na hiyo kelele?" akauliza Hajati.

"Ni watu ya maombi. Wanafukuza shetani, arudi nyumba yake."

Mama Santina akanyoosha mkono, akachukua simu. Huyu mama aliishi kambini miaka mingi, mumewe akiwa askari, na Kiswahili chake alikiokota huko huko, kwenye gwaride. Hakuna neno lake lisilokuwa amri.

"Enoch. Shika kichwa yangu polepole. Isivunjike."

Upande wa pili tulisikia dadu likianguka chini.

"Kesho asubuhi wewe iko hapa. Mimi na kichwa yangu tunangoja."

Juliet aliweka mtungi chini, akaingia ndani, akatoka na jembe la pili, akaanza kulinoa kwenye jiwe. Ile sauti ya kunoa ndiyo iliyonitisha kuliko maneno yote.

Mimi nilidhani Hajati angemfukuza kazi palepale. Usoni ilionekana hivyo. Lakini Mama Santina alimvuta pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini, wanawake wawili waliokomaa, na waliporudi Hajati alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. Akatangaza uamuzi: Enoch Lukudu aliomba ruhusa ya kumhudumia mama mkwe, na ruhusa hiyo imekubaliwa. Atarudi kazini siku mgonjwa mwenyewe atakaposema amepona. Sukari na kuku vilibaki kwa mgonjwa, kama ilivyo haki.

Kesho yake Fundi alifika Adumi na boda, bado ana vumbi la Koboko kwenye kola. Tunaambiwa aliomba msamaha kwa lugha zote alizozijua, na Mama Santina akamjibu kwa kumwonyesha mstari wa kuanzia. Alipalilia karanga. Idi ikafika, mbuzi wa Akram akaliwa Koboko bila yeye, na Akram akamtumia picha. Fundi aliitazama huku amechutama kati ya mihogo, mkononi magugu.

Siku ya Mashujaa ilimkuta kwenye mtama, malengelenge mikono yote miwili. Juliet kwa upande wake alikuwa amekaa kivulini na mama yake, wanakunywa chai yenye sukari nyingi, na kila alipopita karibu walimsifu kwamba anapendeza akiwa likizoni.

Jioni ile alimpigia Hajati. Duka zima tunajua, kwa sababu Hajati alitusimulia kesho yake mpaka akakohoa. Alisema mtu yule aliomba kazi kama ambavyo hajawahi kuomba likizo: atashusha mabati peke yake, atafungua duka Jumapili, atafanya Krismasi na siku inayofuata. Hajati akamjibu kwamba yeye si daktari, amuulize mgonjwa.

Fundi akaenda, akapiga magoti mbele ya Mama Santina kwa umbali wa heshima, akamwuliza kwa unyenyekevu kama sasa anajisikia amepona.

Mama Santina akageuza shingo, akalitazama shamba la simsim lililobaki kule bondeni, kubwa, la kijani, limejaa magugu hadi mpakani. Akalitazama vizuri. Halafu akajishika kichwa, akajilaza taratibu juu ya mkeka.