Ndege ya Adeline na Kamba Yangu

Jumanne, 10 Julai 2001. Mtaa wa Ngezi, Bunia, Kongo.
Vita vimefunga barabara, kwa hiyo Adeline anarudi Ijumaa kwa ndege kutoka Entebbe. Baba yake, muzee Nicolas, anaogopa risasi, hatoki nje. Ametangaza kwamba kijana atakayemfikisha binti yake nyumbani salama ndiye atakayempokea kama mkwe. Tuko wawili: mimi, Emery, na Honoré muuza sabuni. Honoré hana hata saa ya mkononi! Namhurumia.

Tatizo ni askari wa uwanja. Ukiwahi, wanakufukuza kwa fimbo. Ukichelewa, umemkosa msichana. Kila kitu kiko kwenye hesabu.

Jumatano, 11 Julai.
Nimeazima ramani ya shule, nimepima kwa kamba. Panya walishakula Ziwa Albert, hapo nimekisia. Kilomita mia tatu. Muda ninao tayari: binamu Didier alipanda hapa saa tatu asubuhi, na aliposhuka, saa ya ukutani ya Entebbe ilionyesha saa tano. Basi, safari ya masaa mawili. Adeline ataondoka kule saa nne, atatua hapa saa sita.

Nilimuuliza Honoré mpango wake. Akasema atasikiliza mlio wa ndege, kisha atakimbia. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 13 Julai.
Nimeoga. Jogoo wa zawadi nimemfunga miguu. Saa nne ndege ikapita juu ya paa letu. Mdogo wangu Arlette akaja mbio: “Yaya,” ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, “ndege ya Adeline iko inashuka, kimbia!” Nikamweleza kwa upole kwamba ya Adeline ndiyo kwanza inaondoka Entebbe. Nikapaka viatu rangi tena.

Saa sita nikafika uwanjani. Hakuna ndege, hakuna Adeline. Askari mmoja akanifukuza, mwenzake akabaki na jogoo. Nikaenda kwa muzee. Adeline anakunywa chai. Honoré amekaa kwenye kiti changu. Niliumia, sifichi. Miaka miwili nampenda yule.

Nikawaeleza hesabu yangu ya kamba. Adeline akaniuliza kama sijui kwamba saa ya Uganda inatangulia yetu kwa saa moja. Muzee akatikisa kichwa: “Mutoto yangu, ndege haiwezi kungoja kamba yako.”

Jumapili, 15 Julai.
Nimefikiri sana. Hayo ya saa kutangulia ni siasa tu, jua ni moja. Ukweli uko wazi: ndege iliondoka Entebbe saa nne, ikatua Bunia saa nne. Kuja huku hakuchukui muda wowote! Ni mteremko, bila shaka. Honoré hawezi kugundua jambo kama hilo.

Jumanne ijayo Divine, mdogo wake Adeline ambaye hajaolewa, anakuja kutoka Beni, hapa hapa Kongo. Ndege itaondoka kule saa tatu kamili. Saa tatu kamili nitakuwa nimesimama katikati ya uwanja na jogoo mpya. Askari hawatapata hata nafasi ya kuinua fimbo.