Kiti cha Kubembea cha Seneta Brabec

Jumatatu, 5 Februari

Nimeamua. Nagombea Seneti ya jimbo. Asubuhi nilimwambia Mungu, mchana nikamwambia mume wangu Duane. Mungu hakupinga. Duane alikuwa chini ya trekta la mteja, akauliza kama chakula kimeiva.

Miaka minane sasa niko bodi ya shule. Niliingia kwa ajili ya jambo moja: walitaka kuwaondolea watoto mikate ya mdalasini kwenye mlo wa maharage na nyama wa kila Alhamisi. Nani Nebraska hii anakula maharage yale bila mkate wa mdalasini? Nikasimama, nikashinda, mikate ikarudi. Tangu hapo watu wananisalimu kwa jina langu kamili, Rosalie Kucera. Isipokuwa Colette Dinslage, kiongozi wa kwaya. Anakitaka kiti changu cha bodi tangu siku hiyo, na anaeneza kwamba kolache zangu, vile vikate vyenye tunda katikati, ni kavu. Si kavu.

Kikwazo ni kimoja tu. Useneta una mwenyewe. Wendell Brabec, daktari wa mifugo mstaafu, miaka sabini na minne, baba wa ubatizo wa binti yetu. Nikimpinga waziwazi nitaonekana sina adabu, na yeye atakaza shingo. Lakini leo nimepita ofisi za kaunti nikachukua karatasi ya maelekezo. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa: aliye madarakani, mwisho wa kurudisha fomu ni tarehe 15 Februari, saa kumi na moja jioni. Wengine wote, tarehe 1 Machi. Kwa hiyo Wendell akipitisha tarehe 15 bila kurudisha, nafasi iko wazi, nami nina wiki mbili za kusubiri kwa adabu. Nyuma ya karatasi kuna maandishi madogo sana. Miwani ilikuwa kwenye gari.

Mpango: tumfanyie Wendell karamu ya shukrani. Karamu nzuri mpaka mtu mwenye haya ashindwe kugombea tena baada ya kuila.

Jumatano, 7 Februari

Mambo yanakwenda. Padre Blaise ametupa ukumbi wa chini ya kanisa kwa Jumamosi. Nimeandika nyuma ya ile karatasi ya maelekezo nani analeta nini. Bernita, saladi ya viazi. Akina Svoboda, runza mia moja, ile mikate ya kujazwa nyama na kabeji, na nimewasisitizia nyama iwe nyingi. Karatasi imejaa vizuri.

Zawadi ni kiti cha kubembea cha mti wa mwaloni. Fundi seremala alikuwa nacho kimoja tayari. Nimekikalia dukani kidogo kukijaribu, akanigusa bega kuniambia anafunga.

Mabango nayo tayari, sitini. Mchapaji alisema jina moja likiwa kubwa linasomeka hata na mtu anayeendesha gari kwa kasi, kwa hiyo yameandikwa KUCERA, basi. Nimeyaficha chini ya turubai kwenye karakana.

Duane ameyaona. Akaniuliza kama Wendell amesema anastaafu. Nikamwambia bado. Akasema, "Sasa mama, unamuaga mtu anayekwenda wapi?" Nikamwambia ashike spana zake.

Jumamosi, 10 Februari

Karamu imefana mno, na hilo ndilo tatizo.

Watu mia na ishirini. Runza ziliisha. Mimi nilitoa hotuba kuhusu kupumzika. Nilitaja kupumzika mara tisa, Duane alihesabu. Nikasema bustani inamngoja Wendell, wajukuu wanamngoja, samaki wa mtoni wanamngoja. Kisha nikaondoa kitambaa, kiti kikaonekana, watu wakasimama wakapiga makofi.

Wendell akalia. Mtu mzima, ameshika egemeo la kiti, machozi yanadondokea kwenye tai. Alipopata sauti akasema mkewe Marvene alikuwa anamsihi mwezi mzima aache siasa, naye jana usiku alikuwa amekubali. Amekubali! Kisha akasema, "Lakini watu wanaonipenda namna hii nitawaachaje? Alhamisi naenda Lincoln, makao makuu ya jimbo, kurudisha fomu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. Marvene alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyekula nyama ya Krismasi.

Colette akanisogelea na sahani yake. Akasema, "Hongera, dada Rosalie. Mzee alikuwa anakwenda nyumbani, umemrudisha kazini." Kisha akauliza kama kolache ni za wiki iliyopita.

Jumatano, 14 Februari, ya Majivu

Nimepakwa majivu. Nimekwenda pia kuungama. Nilimwambia Padre kwamba nilimlisha mtu kwa nia isiyo safi. Akauliza kama najuta. Nikasema najuta sana, viazi vilikuwa havijaiva katikati. Amenipa rozari mbili. Kwaresima hii naacha vitu vitamu.

Marvene nilimkuta nje ya kanisa. Akanilalamikia kwamba Wendell hatoki kwenye kile kiti. Anakunywa kahawa humo, anasoma gazeti humo, mbwa halishwi. Lakini kesho baada ya chakula cha mchana anakwenda Lincoln, fomu iko juu ya friji. Siku zote Wendell husubiri siku ya mwisho, hata kodi yake ndivyo anavyoipeleka.

Kipindi changu cha bodi ya shule nacho kinaisha mwaka huu, na mwisho wangu wa kurudisha fomu ya bodi ni kesho hiyo hiyo. Duane amenishauri niirudishe, nibaki na kitu mkononi. Nimekataa. Nimemwomba Mungu Seneti. Nikikimbilia bodi tena, si ni kumwambia simwamini? Duane akasema Mungu angeelewa. Duane hana imani kubwa, ana roho nzuri tu.

Alhamisi, 15 Februari

Siku nzima nimekaa karibu na simu. Saa saba hakuna kitu. Saa tisa hakuna kitu. Nimekuna karoti kilo tatu zisizo na kazi.

Saa kumi na mbili kasoro, simu. Marvene, ananong'ona. Akanieleza hivi: Wendell alivaa suti, akawasha gari lipate joto, akarudi ndani kufunga kamba za viatu. Akakaa kwenye kiti cha kubembea kufunga kamba za viatu. Kiatu cha kushoto alikifunga.

Akaamka saa kumi na moja na dakika arobaini.

Nikamuuliza Marvene kwa nini hakumwamsha. Akasema, "Rosalie, miaka minne sijamsikia akikoroma mchana. Nilikwenda kuzima gari." Halafu akasema kiti kile ni zawadi bora kuliko zote walizopata tangu harusi, na kwamba amenisamehe.

Nimepiga magoti pale pale jikoni, juu ya maganda ya karoti.

Ijumaa, 16 Februari

Samaki wa kukaanga kanisani, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Wendell yuko kwenye foleni, uso umenawiri, anajisimulia mwenyewe. Hana kinyongo. Anasema kama Mungu angetaka awe seneta tena asingemwacha akae.

Kila meza wanauliza nani sasa. Nikasema Mungu atamtoa mtu, nikatazama sahani yangu kwa unyenyekevu. Nikasubiri mtu aseme ni mimi. Bernita akasema labda Colette. Colette akasema hapana jamani, Seneti ni mbali, na yeye hana wadhifa wowote, ni mtu wa kwaya tu. Kisha akanigeukia, mdomo una mchuzi wa samaki, akasema amesikia sikurudisha fomu ya bodi. Yeye anaweza kuirudisha mpaka tarehe 1 Machi. Akaniuliza kama ningependa kumwachia ufunguo wa kabati la bodi mapema.

Nilimwombea.

Jumanne, 20 Februari

Nimeanza novena. Siku tisa za sala, zinaisha tarehe 28. Tarehe 29 naenda Lincoln. Sitaki nionekane nimerukia kiti kabla hakijapoa. Duane anasema kama nataka kwenda, niende. Nikamwambia mambo ya Mungu hayana haraka.

Alhamisi, 29 Februari

Naandikia ndani ya gari, nimeegesha Lincoln.

Niliingia na fomu, karatasi yangu ya maelekezo na kolache dazani moja za plamu kwa ajili ya karani. Binti mpole, nywele fupi. Akaniamkia vizuri. Akauliza kama nina wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Nikamwambia kwa fahari, bodi ya shule, mwanangu, miaka minane, na nikaanza kumweleza habari ya mikate ya mdalasini.

Akaweka kalamu chini.

Akaomba karatasi yangu. Akaigeuza nyuma. Akaanza kusoma yale maandishi madogo kwa sauti ya upole: aliye na kiti chochote cha kuchaguliwa, hata kama anagombea kiti kingine tofauti, mwisho wake ni tarehe 15 Februari. Ilibidi asome polepole kwa sababu nilikuwa nimeandika juu yake. Akasema, "Hapa ni... Bernita, saladi ya viazi?"

Nikamwambia najiuzulu bodi sasa hivi, anipe kalamu. Akasema hata kujiuzulu hakusaidii. Nikauliza basi bodi yenyewe, naweza kurudi? Akasema ni tarehe 15 ile ile, mama. Akasema pole. Akachukua kolache mbili.

Kwa hiyo Seneti sina. Bodi sina. Nimekula zile kumi zilizobaki, na Kwaresima ina wiki mbili tu. Hazikuwa kavu. Zilikuwa kavu kidogo.

Nimelia. Sitaficha, humu nisipoandika ukweli nitauandika wapi? Kule kwenye bodi nilikuwa na kiti chenye jina langu, karibu na dirisha. Nilipoingia chumbani watu waliacha kuzungumza. Nikirudi nyumbani mimi ni nani? Mke wa fundi trekta.

Baadaye. Nimefungua buti kutafuta kitambaa cha kujifutia. Nimekuta mabango, niliyoyapakia asubuhi kwa matumaini. Sitini, yote yameandikwa neno moja.

KUCERA.

Duane hana wadhifa wowote.

Ijumaa, 1 Machi

Nimemwambia Duane wakati wa chai. Akamaliza mayai kwanza. Kisha akauliza seneta anafanya kazi gani. Nikasema anakaa, anasikiliza watu wakiongea siku nzima, mwisho anasema ndiyo au hapana. Akafikiri. Akasema, "Hiyo naiweza. Nimeifanya miaka thelathini na moja."

Akataka kwanza amalize pampu ya mteja. Tukaondoka saa tisa, yeye na ovaroli yake, mafuta mpaka kwenye viwiko. Karani yule yule. Akamuuliza kama ana wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Duane akasema, "Binti, nyumbani kwangu hata rimoti sishiki." Karani akacheka mpaka akashika meza. Jana mimi hakunichekea.

Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, fomu imepigwa muhuri. Saa kumi na moja wamefunga mlango. Tukauliza wengine ni akina nani. Hakuna. Yuko peke yake.

Tulirudi moja kwa moja kwenye samaki wa kanisani. Habari ilikuwa imetutangulia. Watu wakasimama. Bernita anasema Duane ana uso wa mtu mkweli. Wendell akamkumbatia na kusema ndiye mtu aliyemtaka siku zote. Duane akasema asanteni, akaenda kupanga foleni. Wakamshangilia kwa hilo pia.

Colette naye amerudisha fomu ya bodi. Peke yake. Nimempa ufunguo wa kabati.

Jumapili, 3 Machi

Baada ya misa Colette alinipa kolache alizopika mwenyewe. Nimemwambia naacha vitamu. Nimezila nyuma ya kanisa. Ni laini. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Mchana mwenyekiti wa baraza la kijiji amepiga simu. Mjumbe mmoja anahamia Arizona kwa sababu ya magoti, nafasi yake iko wazi. Wananiteua nimalizie kipindi chake, halafu mwaka kesho kutwa nigombee mwenyewe miaka minne. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mungu hasahau waja wake.

Basi nimekaa na kalenda na kupanga. Duane atahudumu miaka minne. Mtu wa trekta, mgongo ule, atakuwa amechoka. Nami kwa wakati huo sitakuwa mtu mikono mitupu, nitakuwa mjumbe wa baraza, nimechaguliwa kwa kura, jina langu mlangoni. Tarehe 15 Februari naiacha ipite kimya kimya. Nasali novena. Kisha tarehe 1 Machi, polepole, kwa adabu, naenda Lincoln kurudisha fomu yangu.

Kosa la mwaka huu nimelitafakari mbele ya Sakramenti, na nimeliona. Ni zile plamu. Yule binti alichukua mbili tu. Ni mtu wa aprikoti.

Nimempigia seremala hata kama ni Jumapili. Nimeagiza kiti kingine cha kubembea, kipana zaidi, Duane ana mabega. Akaniuliza safari hii anastaafu nani. Nikamwambia asiwe na haraka, mwenyewe bado hajaanza kazi.