Kadi ya Mabonde Yote Imeniondolea Mjukuu Mezani

Bwana Gottlieb,
Mwenyekiti wa Lifti za Mlima, Hinterau.

Bwana Mwenyekiti,

Salamu kwanza, maana sikulelewa porini. Ni mimi Notburga wa nyumba iliyo chini ya lifti, ile unayoipita kila asubuhi bila kubisha hodi. Shule nilisoma kidogo, lakini macho ninayo. Naomba kwa heshima zote uifute ile kadi ya mabonde yote, inayowapandisha watelezaji wa theluji kwa lifti za mabonde sita. Ibaki kadi ya mlima wetu tu. Sababu ni hizi:

1. Mjukuu wangu Vinzenz, niliyemlea kwa mikono hii, alikuwa na kadi ya hapa. Kengele ya kanisa ikilia saa sita, anashuka, anavua viatu vya ski kizingitini, anakula. Mwaka huu msichana wako wa dirishani, anayeuza kadi, akamwambia, "Ongeza kidogo tu kaka, upate mabonde sita." Sasa kengele ikilia, yeye yuko nyuma ya mlima, kule Grubach, anakula madonge ya mkate ya mwanamke anayeitwa Rosamunde. Supu yangu naila na paka.

2. Grubach, Bwana Mwenyekiti. Watu waliotuibia mlingoti tunaousimamisha kijijini sikukuu ya Mei, tukaukomboa kwa pipa zima la bia. Hao ndio unaowafungulia lango.

3. Mtu ana miguu miwili, mabonde sita ya nini? Juzi kijana alikwenda mbali mno, lifti ya mwisho ya kurudi ikamwacha. "Bibi, nimezunguka na basi." Theluji kailipia, kakalia kiti cha basi.

4. Leo madonge, kesho ndoa. Ataoa Grubach, watoto watabatizwa Grubach, na mimi nikifa atakuja kunizika mbiombio asiachwe na lifti.

Kama huwezi kuifuta, basi weka mashine langoni. Ikifika saa sita kasoro robo, kila mwenye bibi aliye hai awashiwe taa nyekundu, arudishwe kwa bibi yake. Wasio na bibi wapite, tena wapewe pole. Wageni ambao bibi zao wako mbali waje kwangu. Supu ipo.

Msalimie mkeo, na mama yako, na yule mzee wa kusukuma theluji barabarani. Hata huyo msichana wa dirishani msalimie, ingawa hastahili.

Wako, nisiyerudi nyuma,
Notburga Plattner

Tena: Bahasha nilishaifunga, nimeifungua. Vinzenz amepita hapa, kasema, "Bibi, ungekuwa na kadi kama yangu tungekula wote." Nikamwambia mimi sili cha Rosamunde. Akasema, "Basi njoo umfundishe kupika." Hilo nimeliona la maana. Nikatie kadi ya mabonde yote, ile ya wazee, niichukue kesho asubuhi. Ski zangu nimeshazipaka nta. Na mashine ya langoni usiiweke, huyo kijana atakuwa anapita na bibi yake.