Uzinduzi wa Mtambo wa Kusoma Damu ya Wagonjwa wa Moyo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa kuwa hakutokea ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uzinduzi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kitambaa, mganga mkuu wa hospitali hii, wauguzi, fundi wa spika, ambaye namwomba apunguze huo mwangwi, wagonjwa wetu wa moyo mlioketi mstari wa mbele, na wewe dada yangu mkubwa, uliyenilea ukanisomesha, na leo umekaa hapo kama mgonjwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, kwa muda mrefu ugonjwa wa moyo umekuwa ukituvizia pasipo taarifa ya maandishi, jambo ambalo ofisi yangu haiwezi kulivumilia. (Kicheko.) Ndiyo maana tukabuni mpango mkakati shirikishi wa viashiria vya damu, yaani, kwa lugha nyepesi ambayo daktari alinieleza mara tatu nikaelewa mara moja, ndani ya damu mna vitu vidogo vinavyoongezeka moyo unapoumia au kuelemewa, na mtambo ukivisoma unasaidia kujua nani yuko hatarini kabla hajaanguka bafuni. (Mganga mkuu anaitikia kwa kichwa.)

Mafanikio ni makubwa. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na tisa: utepe upo, mkasi upo, kibao chenye jina langu kipo, na kitambaa kinachofunika mtambo kilijadiliwa vikao kwa vikao hadi wajumbe wawili wakanuniana kwa sababu ya rangi, nami kwa busara zangu nikaamua kiwe cha zambarau, kwa kuwa kinaendana na tai yangu. (Makofi hafifu.) Mke wangu aliniambia naweza kuzindua hata mvua iliyokwisha kunyesha. Nilidhani ananisifu. (Kicheko kirefu.)

(Mzee mmoja mstari wa mbele: "Mheshimiwa, tupimwe basi, njaa inauma.")

Nimekusikia, mzee wangu. Tuliwatangazia mje bila kula, maana daktari alisema baadhi ya vipimo vinataka tumbo tupu, na mmetii kuliko watumishi wangu wanavyonitii. Dada yangu hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni. Asubuhi nilimkuta ameegemea mito mitatu apate pumzi, miguu imevimba, akaniambia, "Mdogo wangu, leo angalau nitajua." Nikamjibu, "Utajua, dada."

Mtambo huu, ndugu zangu, ni wa kisasa, hauli umeme, hauna kelele, haumbagui tajiri wala maskini, na kwa kweli tangu uwekwe hapa haujaharibika hata mara moja. (Dada anainuka polepole, anakunja mkono wa gauni, anaelekea kwenye mtambo.) Dada, subiri. Dada, utepe haujakatwa. (Anapita chini ya utepe, anavuta kitambaa. Minong'ono.)

Basi niende moja kwa moja kwenye shukrani. Namshukuru fundi seremala, aliyelitengeneza sanduku hili la mbao na kulipiga rangi vizuri hivi kwamba mimi niliyeliagiza, nilipoingia asubuhi, moyo wangu uliruka nikadhani mtambo umefika. Naishukuru Kamati, ambayo kwa desturi yetu ya kuzindua kwanza na kuagiza baadaye, imezindua. Namshukuru mwenyekiti wake, ambaye ni mimi.

Kauli mbiu yetu: Damu inasema! (Kimya.) Damu inasema!

(Sauti kutoka nyuma: "Inamwambia nani?")

Wagonjwa wetu, mnaruhusiwa kula. Chai iko hema la nyuma. Asanteni kwa kuja na matumbo matupu kwa ajili ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Dada, nawe kanywe chai.

(Dada, ameshika sanduku: "Njoo unishike mkono kwanza. Pumzi hainitoshi.")

Nakuja, dada. Kurasa sita zilizobaki zichukuliwe kuwa zimesomwa.