Jibu Fupi Lisilobanwa

Jumatatu, 3 Machi.
Mkurugenzi wa maktaba ametangaza shindano. Au aliliita zoezi; sina hakika. Mimi na Kobe, kila mmoja peke yake, tutaandika kwa Java, lugha ya kompyuta, programu mteja ya kuulizia vitabu kwenye seva ya maktaba kuu. Ijumaa tunaonyesha. Atakayeshinda ataongoza kitengo. Kobe ni mwenzangu wa chumba kimoja cha kazi. Jina hilo nimempa mimi, humu tu. Huandika mstari, akaukodolea macho, akaufuta, akauandika vilevile. Nadhani nitashinda. Nimejaribu kulitilia shaka wazo hilo, nikashindwa.

Jumanne, 4 Machi.
Hila imepatikana! Orodha za vitabu ni ndefu, huja kwa kujikokota. Kumbe seva ile, ukiiomba, huyabana majibu, yaani huyakunja yawe madogo, kabla ya kuyatuma. Basi kwenye kichwa cha ombi langu nikaongeza: napokea yaliyobanwa. Kobe sikumwambia. Nikatuma. Badala ya vitabu, kioo kikajaa vidoa na vimraba visivyosomeka, kama ndege wengi waliotua juu ya maji tulivu. Nikavitazama muda mrefu. Vilipendeza. Kobe akauliza kama niko salama. Nikamjibu kwamba nafanya utafiti.

Jumatano, 5 Machi.
Bila shaka: aliyeomba kilichobanwa hana budi kukikunjua mwenyewe. Sasa kila jibu linaloingia nalikunjua. Kila jibu, bila ubaguzi. Vitabu elfu nne, kufumba na kufumbua! Vya Kobe huingia kimoja kimoja, kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Mchana nikasinzia mezani, nikaota nyumba nzima ya shangazi, ninakoishi, imebanwa ikaenea mkobani mwangu, naye humo ndani anaendelea kushona. Jioni nilimsimulia shangazi. Akataka kujua kama huko ndotoni nilikuwa nimeshaosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi.
Mkurugenzi aliketi kwenye kiti changu. Niliona ni dalili njema. Orodha ndefu ikamiminika, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba kitabu chake mwenyewe. Ameandika kimoja tu, juu ya kukinga majalada dhidi ya mchwa. Jibu likawa la mstari mmoja. Seva haijisumbui kubana mstari mmoja. Iliutuma kama ulivyo. Programu yangu ikajitahidi kukunjua kisichobanwa, ikaanguka. Kioo kitupu.

“Kwa hiyo hakimo,” alisema mkurugenzi. “Miaka sita nimekiandika, binti yangu. Hakimo.”

Kobe akageuza kioo chake taratibu. Sekunde tisa. Kitabu kikatokea, na mwaka wake, na idadi ya kurasa. Mkurugenzi alizisubiri zote tisa akitabasamu. Kobe ataongoza kitengo.

Baadaye aliniletea chai. Upole wake ulipita kiasi.

“Dada, kila jibu huja na lebo kichwani: limebanwa au halikubanwa. Isome kwanza, ndipo ukunjue. Mistari mitatu tu. Ukiiweka, Jumatatu nitamwambia mzee tutumie yako, na uongozi uuchukue wewe. Mimi vikao vinanichosha.”

Nikasema nitafikiri.

Jumamosi, 8 Machi.
Nimefikiri. Tangu asubuhi nipo dirishani, mawingu yakipita bila haraka, nami nikipita pamoja nayo. Huenda nilikosea. Wazo hilo nimelipima kwa haki, kila upande, hata shangazi akauliza kama naumwa. Hitimisho, ambalo naliandika kwa tahadhari: kosa si langu, ni la ufupi. Kusoma lebo ni tabia ya watu wasioaminiana. Nimemjulisha Kobe kwamba namshukuru, lakini hapana.

Nina njia bora. Namwandikia mkurugenzi barua ya heshima, nikimshauri aandike vitabu vingine, ishirini hivi, ili jibu lake lirefuke na kubanwa ipasavyo. Nimefika ukurasa wa saba. Imekuwa ndefu kidogo, kwa hiyo nitamtumia ikiwa imebanwa. Sioni haja ya kumwambia.